Mogaka Hana Nafasi

Watu wa Keroka walimsikia Mogaka kabla ya kumwona. Alitembea na rundo la funguo kiunoni: za duka, za stoo, za lango la nyumbani, hata ule wa kabati la vikombe, na kila alipoinuka kitini zilimtangaza. Duka lake la vifaa vya ujenzi lilikuwa kando ya barabara kuu ya kwenda Kericho, na humo hapakuuzwa msumari ambao yeye mwenyewe hakuupima. Alikuwa na mfanyakazi, Momanyi, mtu mzima mwenye wajukuu, aliyembebea simiti tangu duka lifunguliwe. Lakini Momanyi hakuwahi kushika funguo hata siku moja. Si kwamba aliwahi kuiba. Kwa Mogaka, mtu ambaye hajaiba ni mtu ambaye bado anasoma mazingira.

Ndivyo alivyoumbwa. Alishuku mzani wa jirani, alishuku maziwa yenye povu jingi, alimshuku hata mchungaji siku alipohubiri kwa ufupi. Kwa hiyo daktari wa kliniki alipomwambia kwamba sukari yake imepanda, na kwamba lazima atembee kwa miguu kila siku, tena kwa kasi mpaka jasho limtoke, Mogaka alimtazama daktari yule miguuni. Daktari alikuwa amevaa raba mpya.

"Huyu ana ndugu yake anauza viatu," alimnong'oneza mkewe walipotoka nje.

Mkewe, Joyline, hakucheka. Alikuwa fundi wa nguo, mwenye chumba chake cha kushonea sare za shule ng'ambo ya barabara, na alikumbuka vizuri jambo ambalo Mogaka hakupenda likumbukwe. Baba yake Mogaka alianza hivi hivi, kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu, na siku ya kumzika alizikwa na mguu mmoja. Daktari alikuwa amesema mvua ndefu zikiisha arudi apimwe tena, na kama sukari haijashuka wataanza habari za sindano.

"Baba Eric, tutembee pamoja," Joyline alimwambia jioni ile. "Asubuhi, kabla ya kazi."

"Asubuhi mafundi wanakuja kuchukua misumari. Nani atafungua?"

"Momanyi."

Mogaka alimtazama kana kwamba amemshauri amkabidhi fisi ndama.

"Basi jioni."

"Jioni nafunga. Unajua kufunga kwangu."

Alijua. Mogaka alifunga duka, akarudi kujaribu kufuli, akaenda hatua chache, akarudi tena.

"Sabato je? Hatufungui duka."

"Sabato ni ya Bwana. Mama Eric, mimi sina nafasi. Wenye nafasi ndio hao wanakimbiakimbia barabarani asubuhi kama watu wamechokozwa na nyuki."

Nafasi, kusema kweli, alikuwa nayo, ila ilikuwa imeliwa na zile funguo. Mtu akiamini kwamba hakuna mkono mwingine duniani unaoweza kufungua mlango, lazima awe mlangoni tangu kuche mpaka kuchwe, na hapo utamsikia akilalamika kwamba siku ni fupi.

Joyline hakubishana tena. Alianza peke yake. Na msidhani yeye alikuwa amekaa bure: kulikuwa na sare za kumaliza kabla shule hazijafunguliwa, ng'ombe wa kukamua, kwaya ya kanisa, na mume wa kumpikia obokima, ule ugali wa wimbi, na mboga za chinsaga. Lakini aliikalia siku yake kama anavyolikalia gauni la zamani, akaifumua mshono mmoja mmoja aone kitambaa kimepotelea wapi. Maharagwe akawa anayaloweka na kuyachemsha jioni. Chai akaitia thamosi kabla ya kutoka. Na lile gumzo la kila asubuhi na Esnah, mwuza ndizi aliyekaa karibu na mlango wake, akalikata. Lilikuwa tamu, lakini lilikula kitambaa kingi.

Esnah hakupenda kukatwa.

Siku moja alivuka barabara, akaegemea meza ya Mogaka, akashika kitasa cha mlango kana kwamba anataka kukinunua.

"Baba Eric, nyumbani kwenu nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa."

"Aa. Kwa sababu Mama Eric namwona kila alfajiri anapanda kule juu. Haraka haraka. Mikono mitupu." Akakirudisha kitasa mahali pake. "Pengine mmenunua shamba Nyansiongo, hamtaki tujue."

Mikono mitupu. Neno hilo lilimwingia Mogaka mfupani. Kwetu huku mtu mzima hatembei hivihivi. Ukikutana naye njiani unamsalimia "Bwakire", unamuuliza anakwenda wapi, naye ana jibu: anapeleka mahindi ya kusaga, anapeleka majani ya chai kituoni, anakwenda matangani. Mwanamke mwenye nyumba yake anayepanda mlima bila kikapu, bila jembe, kisha anateremka njia ileile bila chochote, huyo ameficha alichokifuata. Joyline alikuwa amesema anakwenda kutembea. Kutembea! Hata mwongo wa kawaida angetafuta kitu cha maana zaidi. Mogaka alikuwa amemsikia akitoka na akadhani anazunguka boma mara mbili tatu kisha anarudi kwa ng'ombe. Kumbe ni mlima. Usiku ule alikaa akimtazama mkewe akiponda vitunguu, akagundua kwamba alikuwa akiimba kwa sauti ya chini.

Mwanamke anayeimba ana sababu. Mogaka hakulala vizuri.

Kesho yake alifanya jambo ambalo lilimfanya Momanyi aulize kama kuna msiba. Alimkabidhi ufunguo wa mlango wa mbele. Wa mbele tu, na alimpa taratibu kama mtu anayeng'olewa jino. "Nina shughuli," alisema. "Nikirudi nitahesabu kila kitu." Momanyi aliupokea kwa mikono miwili, akasema sawa.

Alfajiri ilikuwa na ukungu na baridi ya kung'ata. Joyline alitoka langoni amevaa raba na sweta la zamani, akashika njia ya juu. Mogaka alizifunga funguo zilizobaki ndani ya leso zisilie, akamfuata kwa mbali, akitembea kwenye ukingo wa majani. Mkewe alikuwa na mwendo! Mogaka hakuwa amejua kwamba mwanamke wa umri ule, mama wa kijana wa chuo kikuu, ana mwendo wa namna ile. Walipita mashamba ya migomba, wakavuka kijito, wakaanza kupanda kati ya mashamba ya chai. Nusu ya mlima Mogaka alikuwa akipumua kwa mdomo, kifua kinampiga, na kikohozi kinamtekenya kooni. Alikikandamiza kwa kofia.

Kileleni, mbele ya lango la kijani, Joyline akasimama.

Mogaka alijitosa katikati ya chai, akachuchumaa kwenye umande. Lile lango alilijua. Lilikuwa la Omosa, mwalimu mstaafu aliyefiwa na mkewe, mwenye ng'ombe wa maziwa na masharubu aliyoyachana kila siku. Joyline aliinama akaanza kufunga kamba za raba. Alizifunga polepole mno, mguu mmoja, kisha mwingine. Halafu akainuka, akageuka, akatazama njia aliyotoka. Akatazama tena. Kisha Omosa akatokea na ndoo ya maziwa, akainua mkono, wakasalimiana, na Joyline akaendelea na ukingo wa mlima, akazunguka na kuteremka upande wa pili.

Dalili ya mvua ni mawingu. Anasimama langoni, anafunga kamba ambazo hazikufunguka, anatazama nyuma ahakikishe hakuna anayemwona, mwanamume anatokea. Mogaka alibaki kwenye chai mpaka magoti yakamfa ganzi, na uchungu aliousikia ulikuwa uchungu wa kweli, tusimcheke hapo. Alimpenda Joyline. Hakuwahi kumwambia, kwa sababu hakujua angelitumiaje neno hilo.

Mtu mwingine angeuliza siku hiyohiyo. Mogaka alitaka ushahidi usio na tundu. Kwa hiyo alimfuata kesho yake, na kesho kutwa, na juma lililofuata, na mvua za Aprili zikamkuta bado anafuata. Kila alfajiri Momanyi alifungua duka, na kila asubuhi Mogaka alirudi amelowa jasho, akapitia stoo msumari kwa msumari, akakuta hakuna kilichopungua. Hilo nalo lilimtia shaka. Hata mauzo yalikuwa yamepanda kidogo, kwa kuwa mafundi walifurahia kununua bila kutazamwa mifukoni.

Daktari aliyesema tembea, alimsahau kabisa. Mazoezi ni ya watu wenye nafasi. Yeye alikuwa kazini.

Na kila siku mambo yalikuwa yaleyale: kijito, chai, mlima, lango la kijani, kamba za raba, jicho la nyuma. Tofauti ilikuwa moja tu. Siku za mwanzo Joyline alikuwa akikaa pale langoni muda mrefu. Kadiri majuma yalivyopita, alizidi kufupisha. "Wameshazoeana," Mogaka alijiambia, meno yakimgongana. "Hawahitaji tena kuagana sana."

Kisha suruali zikamsaliti. Asubuhi moja alivaa ile ya kijivu ya kanisani, akafunga mkanda kwenye tundu la siku zote, suruali ikateremka mpaka makalioni. Aliishika kwa mkono. Akaijaribu ya kahawia. Nayo vilevile. Mogaka alikaa kitandani, akayapekua mapindo ya suruali ile kama askari anayepekua mzigo. Mkewe ni fundi. Fundi hapotezi kipimo cha mumewe. Hii suruali ilishonwa kwa kiuno cha mtu mwingine, mtu mpana zaidi, na kwa haraka za mapenzi zimechanganywa.

Akamkumbuka Omosa. Omosa alikuwa mwembamba kama ufito. Hilo lilimsumbua siku nzima, lakini hakulikubali lilete faraja. Pengine wako wawili.

Ilikuwa mchana wa Ijumaa moja ya siku hizo ambapo Omosa mwenyewe aliingia dukani. Mogaka alihisi nywele zikimsimama. Mwalimu alisalimia kwa adabu, akaomba kufuli, kubwa kuliko zote.

"Ya nini, Mwalimu?"

"Kuna mtu, Bwana Mogaka. Kila alfajiri anajificha kwenye chai yangu, mbele ya lango langu. Nimeona kofia. Nimesikia kikohozi. Anapeleleza ng'ombe wangu, huyo." Omosa akaipima ile kufuli kiganjani. "Lakini siku zake zimekaribia. Vijana wa kule juu wameahidi kumngoja na fimbo. Watampata asubuhi moja kabla hajajua kumekucha."

Mogaka alimuuzia kufuli. Alisahau hata kuijaribu mbele ya mteja, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika duka lile. Omosa alipotoka, alikaa juu ya mfuko wa simiti. Je, yule mwalimu alimjua, akaja kumtisha usoni pake? Au kweli hakujua? Yote mawili yalikuwa mabaya. Kufuata tena hakuwezekani. Ikabaki njia moja: kumwita shemeji yake, kaka mkubwa wa Joyline, ili yeye Mogaka aseme mbele ya mwanamume wa ukoo wao kile ambacho dada yake anafanya. Hilo si jambo dogo. Ukishamwita shemeji kwa kesi ya namna hiyo, nyumba imefika ukingoni, na aliyeisukuma huwa haiokoti.

Duncan, yule shemeji, alikuja Jumapili kutoka Itumbe, ambako alilima chai, amevaa koti zito. Mogaka alikuwa amejiandaa usiku kucha. Maneno aliyapanga kama mabati: kuanzia lile la Esnah, kupanda mpaka lango la kijani, na juu kabisa lile neno lenyewe.

Kisha mlango ukafunguliwa tena, akaingia mama mkwe.

Joyline alikuwa amempigia simu mama yake tangu aliposikia kaka anaitwa. Mama huyo, bibi mzee, alikaa upande wa mbali wa sebule, uso ameuelekeza dirishani, kama inavyotakiwa. Nasi Abagusii tuna chinsoni, ile haya ya wakwe. Mwanamume hampi mkono mama mkwe wake, haketi karibu naye, na habari za kitandani hazitoki kinywani mwake sikio la mama huyo likiwa mle ndani. Hata mlevi analijua hilo. Mogaka aliliangalia lile neno lake la juu kabisa, akaona haliwezi kutoka.

"Haya, shemeji," Duncan alisema. "Umeniita. Sema."

Mogaka alikohoa. "Nimekuita kwa sababu ya kutembea."

"Kutembea?"

"Asubuhi. Kila siku." Jasho lilimtoka. "Alfajiri tunatoka... yaani, anatoka, na mimi natoka. Tunapita kwenye migomba. Tunavuka kijito. Tunapanda ule mlima wa chai mpaka kwa Mwalimu Omosa. Kwa kasi. Halafu tunazunguka ukingo wote, tunateremka ule upande mwingine."

"Kila siku?"

"Kila siku isipokuwa Sabato. Tangu kabla ya mvua. Hata kukinyesha." Alitafuta namna ya kusogea karibu na lile neno, akaona macho ya bibi dirishani, akakimbilia mlimani tena. "Sijakosa hata siku moja!"

Duncan alimtazama shemeji yake kuanzia viatu mpaka kichwani, akaona suruali iliyokunjwa na kubanwa kwa mkanda.

"Wewe? Ule mlima? Mimi mwenyewe ule mlima unanitoa roho."

Ndipo bibi alipozungumza, akielekeza maneno kwa mwanawe kwa sababu ya ile haya. "Duncan, mwambie mwenye boma hili hivi. Baba yake alipokatwa mguu nilikuwapo. Nikasema moyoni, ugonjwa huu ni wa ukoo, binti yangu atakuwa mjane angali na nguvu. Juzi nilisikia umemshika na yeye. Sikulala." Akavuta leso. "Kumbe anapanda mlima kila siku. Kumbe ametuita atuambie tusiwe na wasiwasi. Mwambie Mungu amzidishie miaka."

Duncan alimwambia Mogaka, ambaye alikuwa ameshasikia. Joyline alileta chai na ndizi za kuchemsha. Mogaka alikunywa akiangalia chini ya kikombe, na aibu ilimchoma kuliko chai.

Wageni walipoondoka alimkuta mkewe uani akiosha vikombe. Alisimama nyuma yake.

"Ulijua," alisema.

"Kikohozi chako nimelala nacho miaka yote hii, Baba Eric. Nisikijue kwenye chai?"

"Tangu lini?"

"Siku ya kwanza."

Mogaka alimsogelea. Bado alikuwa na swali, na hata sasa lilitoka na makali yake. "Basi pale langoni kwa Omosa ulikuwa unasimamia nini? Kamba zako hazikuwa zimefunguka. Niliona."

Joyline aliweka kikombe chini. "Pale ndipo mlima unaisha. Nilikuwa nasikia unavyopumua kule nyuma. Siku za kwanza ulikuwa unapumua vibaya sana. Niliogopa utaanguka kwenye chai ya watu na mimi niko mbele, sijui. Nikawa nafunga kamba mpaka nisikie umetulia. Halafu nageuka kuangalia kama ile kofia bado iko wima."

Mogaka aliokota kikombe kimoja, akaanza kukikausha.

"Omosa alinisimulia jana habari za mwizi wake," Joyline aliongeza, akirudi kwenye vikombe. "Nikamwambia si mwizi. Ni mume wangu anafanya mazoezi, ana haya. Amewazuia wale vijana."

"Na suruali?"

"Suruali ni zako. Sijazitia sindano. Ulete nizipunguze."

Jumatatu ile, kabla hakujapambazuka, Mogaka alimpa Momanyi rundo lote la funguo. Alijutia jambo hilo kabla hajafika kijitoni, na akataka kurudi, lakini Joyline alikuwa ameshavuka. Walitembea bega kwa bega kwa mara ya kwanza, bila maneno mengi. Kiuno chake kilikuwa chepesi, hakikulia. Kwenye chai alianza kumtangulia bila kukusudia, na Joyline, ambaye usiku alikuwa amekesha na sare za watu, akabaki nyuma, akihema.

Mogaka alifika kileleni peke yake. Lango la kijani lilikuwa limefungwa kwa ile kufuli aliyoiuza yeye mwenyewe. Omosa alipita ndani na ndoo, akainua mkono, akasema, "Leo umepita barabarani!" Mogaka alimwinulia mkono pia, ingawa alimtazama masharubu kidogo.

Kisha akasikiliza. Pumzi za mkewe zilikuwa zikija kutoka chini, nzito, na zilikuwa bado mbali. Mogaka alichuchumaa mbele ya lango, akazishika kamba za raba zake, ambazo zilikuwa zimefungwa vizuri, akazifungua, akaanza kuzifunga upya polepole.